Sekunde 38 na mtu wa Ghent

Video yenyewe ina sekunde 38. Ilinifikia Jumanne jioni kupitia kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja shule ya msingi Tanga, na aliyeituma hakujua kwamba aliyemo ni kaka yangu. Aliweka vikaragosi vitatu vya kucheka mpaka machozi, akaandika, "Tanga raha jamani." Nilikuwa Ubelgiji wakati huo, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, nimekaa kwenye jiko la bweni nasubiri wali uive. Niliifungua kama unavyofungua upuuzi mwingine wowote.

Kaka amesimama katikati ya njia panda, Ngamiani, pale baiskeli zinapopishana na bajaji. Amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na chini hana kitu ila bukta iliyolegea. Kifuani amening'iniza kifuniko cha kopo la maziwa kwa uzi, kinametameta kama nishani. Ana filimbi. Anapuliza, ananyoosha mkono, anasimamisha bajaji, anaruhusu baiskeli. Bukta inashuka, anaipandisha, anapuliza tena. Watu wanapita pembeni. Anayerekodi anacheka mpaka simu inatikisika, halafu sauti yake inasema, "Trafiki wa Mirembe huyo, msimguse!" Basi, imekwisha.

Sikuandika kitu kwenye kundi. Wali uliungua. Siku zilizofuata niliitazama sijui mara ngapi, mpaka nikawa najua sekunde ya ngapi bukta inashuka na sekunde ya ngapi anageuka. Mpaka kesho sijaifuta.

Nimeanza na hilo kwa sababu nataka kuandika kuhusu picha za vichaa zilizochorwa zamani, nyingi zikiwa za Ulaya, na sitaki msomaji adhani nilizifuata kwa sababu ya elimu. Nilizifuata kwa sababu nilikuwa na video ya kaka yangu kwenye simu na sikujua niifanye nini.

Jumamosi ya wiki ile mvua ilinyesha Ghent, ile mvua ya kwao isiyo na radi wala haraka. Niliingia kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la mji kwa sababu ndani kuna joto. Nilipita vyumba vingi vya watakatifu na ng'ombe bila kusimama. Halafu nikakutana naye.

Ni mwanamume wa makamo, amechorwa kuanzia kifuani. Koti jeusi, kitambaa cheupe shingoni, nywele hazijachanwa, ndevu hazijanyolewa vizuri. Nyuma yake hakuna kitu, giza tu. Macho yake yamekwenda pembeni, yanatazama kitu ambacho si wewe, na hata ukisogea kulia au kushoto hakurudii. Turubai lenyewe ni dogo, sentimita 61 kwa 50 hivi. Kibao kilisema mchoraji ni Théodore Géricault, Mfaransa, na huyu ni mgonjwa wa akili ambaye ugonjwa wake ulikuwa kuiba.

Nilisoma kibao, nikamtazama mtu, nikasoma tena. Mwizi yuko wapi hapa? Nilijifanya nakuna shavu, nikaziba kibao kwa kiganja. Bila yale maneno ni mtu aliyechoka. Anaweza kuwa mwalimu wa hesabu aliyefiwa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama mimi.

Habari yake niliipata baadaye. Géricault ndiye aliyechora ile turubai kubwa ya watu walioachwa baharini juu ya chelezo baada ya meli yao Medusa kukwama, picha ya karibu mita 5 kwa 7, iliyotundikwa Paris mwaka 1819. Baada ya kazi ile mwenyewe alivunjika, mwili na akili. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba upande wa mama yake kulikuwa na babu na mjomba waliokufa wakiwa na wazimu. Basi katika miaka michache iliyombakia, maana alifariki Januari 1824 akiwa na umri wa miaka 32, alichora wagonjwa wa akili mmoja mmoja. Inasimuliwa kwamba alizichora kwa ajili ya daktari kijana, Étienne-Jean Georget, na kwamba zilikuwa 10. Mwaka 1863 zilionekana 5 ndani ya sanduku, darini, katika mji wa Baden-Baden huko Ujerumani.

Zile 5 leo zimetawanyika kama watoto wa marehemu asiyeacha wosia. Mtu wangu yuko Ghent. Bibi mmoja mwenye macho mekundu, ambaye ugonjwa wake ulitajwa kuwa wivu, yuko Lyon. Mwingine, mgonjwa wa kamari, yuko Louvre, Paris. Mwanamume aliyedaiwa kuiba watoto yuko Springfield, Marekani. Wa tano yuko Winterthur, Uswisi: mzee mwenye kofia yenye kishada, anayejiona ni kamanda wa jeshi. Kifuani amening'iniza kipande cha chuma kwa uzi, kama nishani.

Huyu wa tano nilipomwona kwenye skrini nilifunga kompyuta.

Madaktari wa Paris wa wakati huo walikuwa na neno, monomania. Walimaanisha kwamba akili inaweza kuwa nzima kabisa ila imeoza mahali pamoja tu, kama embe. Mmoja anaoza kwenye kuiba, mwingine kwenye kamari, mwingine kwenye ukamanda. Leo neno hilo limeachwa. Lakini limetuachia watu watano ambao tunajua walichokosea na hatujui wanaitwaje. Hakuna jina hata moja. Nilikasirika sana kwa hilo, nikaandika kwenye daftari: mtu anachorwa kwa heshima yote hii, kama anavyochorwa wakili au mfanyabiashara, halafu anaitwa kwa kosa lake! Ninalitaja kwa sababu baadaye hasira hiyo ilinigeukia.

Nikaanza kutafuta wengine. Tasnifu yangu ilihusu maji ya kunywa mijini, haikuwa na undugu wowote na sanaa, na msimamizi wangu mpaka leo hajui kwa nini sura ya pili ilichelewa.

Wa kwanza kunipa jibu la video alikuwa Mwingereza, William Hogarth. Kati ya 1732 na 1734 alichora picha nane zinazofuatana, kuhusu kijana anayerithi mali ya baba yake na kuitapanya kwa nguo, wanawake na kamari. Mwaka 1735 akazitoa kama chapa za karatasi, watu wakanunua wakatundika majumbani. Picha ya nane ni mwisho wa kijana: hospitali ya vichaa ya London, Bedlam. Yuko sakafuni karibu uchi, kichwa kimenyolewa, mguu uko kwenye mnyororo. Msichana aliyempenda tangu picha ya kwanza bado yupo, analia. Kuna anayejiona mfalme, amevaa taji na kukaa uchi ndani ya chumba chake. Kuna mpiga fidla aliyejifunika kitabu cha nyimbo kichwani. Kuna anayechungulia mbingu kwa karatasi aliyoiviringisha kama darubini.

Na nyuma kidogo, katikati ya hayo yote, wamesimama mabibi wawili wenye nguo za gharama. Hao si wagonjwa. Wamekuja kutembea. Mmoja ameinua upepeo usoni, kwa namna ile ya mtu anayeziba macho huku ameacha upenyo.

Hogarth hakubuni. Hospitali ya Bethlem iliruhusu watu kuingia na kutazama wagonjwa, wakitia chochote kwenye sanduku la sadaka, mpaka mwaka 1770 ilipoweka masharti. Jina lenyewe ni Bethlehemu, mji aliozaliwa Nabii Isa, likatafunwa na midomo ya watu wa London mpaka likawa Bedlam, na Bedlam katika Kiingereza ikawa neno la kawaida la vurugu. Usicheke. Mirembe ni hospitali iliyopo Dodoma, ina madaktari na wauguzi na watu wanaopona wakarudi makwao, lakini kwetu ni tusi la kumpigia mwenzio kwenye daladala. Wakenya nao wana Mathari yao ya Nairobi. Kila mji, naona, unajenga nyumba ya wagonjwa halafu unachukua jina la nyumba unalifanya fimbo.

Kwa hiyo nilipata mtu wa kumchukia. Yule aliyerekodi alikuwa bibi mwenye upepeo, na kundi zima la WhatsApp lilikuwa mabibi wenye upepeo. Hilo lilinituliza kwa muda. Halafu usiku mmoja nikamkumbuka Mama Makopo.

Hilo halikuwa jina lake, ni jina tulilompa. Alipita mtaani kwetu asubuhi na jioni, amejifunga makopo matupu kiunoni, yanalia. Tulikuwa watoto sita, saba. Tulimfuata tukiimba wimbo tulioutunga wenyewe, na akigeuka tunatawanyika. Siku moja nilichukua jiwe. Halikuwa kubwa. Lilimpata hapa, juu ya kisigino, na hakugeuka, alisimama tu kidogo halafu akaendelea, makopo yakaendelea kulia. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka tisa, na kaka, aliyekuwa na kumi na mitano, alikuwa nyumbani anafungua redio ya baba kuona sauti inatoka wapi.

Kuna picha ya Kiajemi ya miaka ya 1540 ambayo siwezi kuitazama kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Imo katika kitabu cha mashairi ya Nizami kilichotengenezwa kwa ajili ya Shah Tahmasp, na sasa kipo maktaba ya taifa ya Uingereza. Inamwonyesha Majnun, yule wa Laila, ambaye sisi Waswahili tumelichukua jina lake, majinuni, tukaliweka pamoja na mwendawazimu, mwehu, chizi na punguani. Katika picha, bibi kizee anamwongoza kwa mnyororo shingoni kumpeleka kwenye hema la Laila, na watoto wanamrushia mawe. Rangi ni nzuri ajabu. Mahema yana nakshi, watu wanapika, mbuzi wapo, maisha yanaendelea. Watoto wamechorwa kwa upendo uleule aliochorewa Majnun. Mchoraji hakuwafanya wabaya, na hilo ndilo linaloniuma. Ni watoto tu wa mtaani, kama sisi.

Na mnyororo. Kaka alipoanza kuumwa, mwaka 2006, akiwa na miaka 24, tulimpeleka kwanza kwa mganga. Sitasema ni nani wala wapi. Tulimwacha huko miezi miwili, na tulipokwenda kumchukua alikuwa na mnyororo mguu wa kushoto, umefungwa kwenye mti wa mwembe, na kivuli cha mwembe kilikuwa kimemsogeza siku nzima kama mbuzi. Mama ndiye aliyelipa. Mimi ndiye niliyehesabu zile noti. Kwa hiyo ninapoona mnyororo kwenye picha ya Hogarth, au kwenye ile picha maarufu ya Tony Robert-Fleury ya mwaka 1876, ambapo daktari Pinel anasimama na suti yake safi huku wanawake wa hospitali ya Salpêtrière wakifunguliwa na mmoja akimbusu mkono, sipati ile raha ambayo mchoraji alitaka niipate. Daktari yupo katikati. Wanaofunguliwa wapo kwa ajili ya kumpamba.

Hospitali hiyohiyo ya Salpêtrière ina picha nyingine, ya André Brouillet, 1887. Daktari Charcot anafundisha. Chumba kimejaa wanaume, wote wamevaa meusi, na mbele yao mwanamke mmoja, Blanche Wittmann, ameishiwa nguvu na kuegemea mikononi mwa msaidizi, nguo imeshuka mabegani. Anaonyeshwa kama mfano wa ugonjwa ulioitwa histeria. Hapa angalau jina tunalo. Lakini tazama ukuta wa nyuma, ule ambao wanaume wameupa kisogo na mgonjwa ameelekezwa uso: umetundikwa mchoro mkubwa wa mwanamke aliyejipinda kama upinde wakati wa kifafa cha histeria. Yaani mgonjwa anaonyeshwa anavyotakiwa augue! Picha inamfundisha kazi. Nilicheka peke yangu nilipouona ule mchoro, kicheko kibaya, kwa sababu nilimkumbuka kaka akiniambia zamani kwamba mtaani akitembea kimyakimya watu wanamsogelea wakitaka aseme jambo la kichaa, na asiposema wanaondoka wamekasirika kana kwamba kawadhulumu.

Freud alikuwa na nakala ya picha hiyo kwenye chumba alichopokelea wagonjwa. Sijui waliolala kwenye kochi lake waliitazama kwa jicho gani.

Nisiwaonee wachoraji wote. Goya, baada ya ugonjwa wa 1792 na 1793 uliomwacha kiziwi kabisa, alichora juu ya kipande kidogo cha bati uwanja wa hospitali ya vichaa: watu wawili uchi wanapigana, mlinzi anawachapa, na mwanga mweupe unashuka kutoka juu bila kumsaidia mtu. Alimwandikia rafiki yake mwaka 1794 kwamba tukio hilo aliliona mwenyewe, Zaragoza. Namwamini. Sioni upepeo kwenye picha ile. Lakini namwamini zaidi mtu mwingine, ambaye kwa sifa hafiki hata robo ya Goya.

Richard Dadd alikuwa mchoraji kijana wa Kiingereza, mwenye kipaji. Mwaka 1842 alisafiri mpaka Misri na Shamu, akarudi akiwa na hakika kwamba anaongozwa na mungu wa Misri, Osiris. Mwaka 1843 alimuua baba yake kwa kisu. Mwaka uliofuata akapelekwa Bedlam, na hakutoka tena hospitalini mpaka alipokufa 1886. Huko ndani alichora. Wengi wanajua ile picha yake ya vijitu na majani iliyomchukua miaka kama tisa. Mimi ninayoipenda ni nyingine, ya 1852: picha ya daktari wake, Sir Alexander Morison.

Huyu Morison, katika miaka ya mwisho ya 1830, alikuwa ametoa kitabu kizima cha sura za wagonjwa wa akili. Aliajiri wachoraji, wakachora nyuso, na yeye akaeleza chini ugonjwa wa kila uso. Amewatazama wagonjwa maisha yake yote. Sasa ni mzee, na mgonjwa ndiye anayemtazama yeye. Amesimama ameshika kofia yake mkononi, mwembamba, uso umemshuka, macho yana huzuni na kidogo hayajiamini. Nyuma yake ni pwani ya Scotland, nyumbani kwake, na wanawake wawili wauza samaki. Dadd hakuruhusiwa kutoka, hivyo mandhari hiyo aliichora kwa kutumia mchoro wa binti wa daktari. Ukiziba kibao kwa kiganja, kama nilivyofanya Ghent, hutajua kati ya mchoraji na mchorwa nani alikuwa na ufunguo.

Van Gogh naye, mwaka 1889, akiwa amelazwa Saint-Rémy, alimchora msimamizi wa wagonjwa, bwana Trabuc, na mkewe. Sijui kama ni kawaida ya watu waliotazamwa sana, kwamba wakipewa brashi wanataka kwanza kumgeuza mlinzi aelekee kwao.

Nilirudi nyumbani na shahada yangu. Kaka kwa miaka kadhaa sasa anachoma sindano kila mwezi, anatengeneza redio na feni barazani kwa mama, kuna wiki nzuri na wiki mbaya. Ile njia panda hapiti, anazunguka mtaa wa pili. Hatukuwahi kuzungumza kuhusu video. Nilidhani haijui.

Mwaka jana mama alitimiza miaka 70 akasema hataki keki, anataka picha za watoto wake wanne zitundikwe sebuleni, fremu za aina moja, na kila mmoja peke yake. Tukaanza kutafuta. Zetu watatu zilipatikana siku hiyohiyo, za kuchagua. Za kaka zinaishia 2006. Albamu nzima, simu zote, hakuna. Harusi ya dada yupo kila mtu, na yeye alikuwepo, nakumbuka alibeba viti, lakini hayumo hata kwenye picha moja. Hakuna aliyekaa akaamua. Kila aliyeshika kamera alisubiri apite. Kwa miaka kumi na kitu, picha pekee ya kaka yangu duniani ilikuwa ile ya sekunde 38, na aliipiga mtu asiyemjua.

Mama akachagua ya 2005, amevaa suruali ya kitambaa, anacheka. Kaka akaitazama akasema, "Huyu siye mimi. Huyu alikuwa hajaumwa. Mkimweka huyu ukutani mimi nitakaa wapi?"

Basi tukatoka barazani. Hapo niseme kwamba ameniruhusu kuandika haya yote, nimemsomea yote, pamoja na mnyororo na Mama Makopo. Sharti lake lilikuwa moja: nisitaje jina lake. Nikaanza kumhubiria kuhusu watu wa Géricault, kwamba kuwanyima jina ndiyo dhuluma yenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mdogo wangu, hao labda walikuwa wana bahati." Sina jibu la hilo. Nimeliacha kama alivyolisema.

Alivaa shati jeupe akafunga vifungo mpaka shingoni. Nikanyanyua simu, akanyoosha mkono: "Lete nianze mimi." Alinipiga picha kama kumi, kwa utulivu wa fundi, akiniamrisha nisogee, nishushe kidevu, niache kutabasamu kama mwenye duka. Nilijisikia vibaya sana. Sikujua mikono niiweke wapi. Nikaona jinsi ilivyo kazi kusimama mbele ya mtu anayekutazama bila haraka. Ninayo moja ya hizo, imekata nusu ya kichwa changu na nyuma yangu kuna kamba ya nguo.

Zamu yake ilipofika nilimwambia atazame simu. Akatazama barabarani. Macho yakaenda pembeni, kwenye kitu ambacho si mimi, na nikaona yule mtu wa Ghent, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba huenda hakuwa anakwepa. Huenda kulikuwa na kitu tu huko pembeni, mlango umefunguliwa, mwenzake anapita.

Nilipomaliza akakaa kwenye benchi akasema, "Ile nyingine bado unayo?"

"Ipi?"

"Usiniulize ipi. Mtaa mzima waliiona, nisiione mimi?"

Nikampa simu. Aliizima sauti kwanza. Aliitazama mara moja, ya pili akaisimamisha kwa kidole, akanisogezea. "Hawa hapa. Unawaona?"

Kwenye kona ya chini, kushoto, sekunde ya 22, nyuma ya gurudumu la bajaji iliyosimama, kuna watoto wanne wa shule wameshikana mikono. Kaptura za bluu, mabegi makubwa kuliko migongo. Wanavuka. Sekunde ya 26 wamekwisha kutoka kwenye picha. Ndipo anaposhusha mkono na kuruhusu bajaji. Mara zote zile nilizoitazama, macho yangu yalikuwa kwenye bukta.

"Bajaji zilikuwa haziwapishi," akasema. Akairudisha nyuma, akaitazama tena, safari hii mpaka mwisho, halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Watoto wakavuka, na bukta nayo ikavuka."

Tukacheka mpaka nikashika nguzo. Mama alikuwa dirishani anachambua mchele. Akauliza tunacheka nini, na wote wawili tukanyamaza, kila mmoja akisubiri mwenzake ajibu.